Paipu Mbili Nyuma ya Bampa

Kijana mmoja wa Ngong alikuwa na Subaru Forester ya turbo, na kazi yake iko Karen, safari fupi tu. Wenzake wakamtia wasiwasi: turbo huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na beringi zake zinategemea oili ileile ya injini. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba Ngong iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na turbo hulazimika kuzunguka kasi zaidi kuliko ikiwa Mombasa. Akanunua kipoza-oili, kile kirejeta kidogo kinachofungwa nyuma ya bampa, na paipu zake mbili za mpira.

Hakuna aliyemuuliza oili yake hufikia joto gani. Hata yeye hakujua, kwa maana geji ya dashibodi ilipima joto la maji. Hili linanisikitisha kuliko yote yaliyofuata. Geji ya joto la oili ni ya bei ndogo kuliko kipoza chenyewe.

Oili hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 90 na 110 hivi. Ikizidi 130 kwa muda mrefu huharibika upesi. Lakini isipopata moto wa kutosha, maji na petroli vinavyopenya ndani yake havikauki. Kipoza cha kijana hakikuwa na thamostati, basi asubuhi za Julai, ukungu ukiwa umefunika vilima, alifika Karen oili ikiwa bado baridi. Chini ya kifuniko cha oili ukaota utando wa rangi ya maziwa. Akaufuta kwa kitambaa, akaendelea.

Jumamosi moja akateremka na wenzake hadi Ziwa Magadi. Ziwa liko karibu mita 600 tu, na kurudi ni kupanda kwenye joto, mguu kwenye mafuta, turbo ikivuma. Kwa haki, hapo ndipo kipoza kingeweza kufaa. Walipopita Kisamis taa nyekundu ya oili ikawaka. Akajiambia haiwezi kuwa joto, kipoza kipo, tutafika Kiserian. Taa ile haisemi habari za joto hata kidogo. Inasema presha ya oili imeisha, zima injini sasa hivi. Kabla ya Kona Baridi injini ikanoki, kisha ikakwama.

Fundi aliinua gari akamwonyesha paipu. Ilipitishwa juu ya ukingo wa chuma bila kufungwa, na pale iliposuguliwa palikuwa na mfereji mwembamba, laini, uliofika hadi ndani.

"Injini hii haikufa kwa joto, kijana wangu. Oili imeishia barabarani."

"Na ningeacha kama ilivyotoka kiwandani, mzee?"

Fundi akagusa chini ya filta. Subaru nyingi za turbo huja na kipoza kidogo pale, kinachotumia maji ya rejeta: huipasha oili moto asubuhi na kuipoza mlimani.

Kwa gari la kwenda kazini, badilisha oili mapema, na baada ya kupanda mlima iache injini ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuizima. Funga geji kwanza. Kama unapanda kutoka Magadi mara kwa mara na geji inavuka 130, nunua kipoza chenye thamostati, paipu zifungwe mbali na vyuma, na uzikague kila unapobadilisha oili.