Utani, Heshima na Haki ya Kucheka

Msiba unapotokea hapa Mwembesongo, chini ya milima ya Uluguru, aghalabu hatukosi kumwona mtani. Wafiwa wanalia, naye huja amevaa matambara, akiigiza mwendo wa marehemu na kutangaza ubahili wake mbele ya kadamnasi. Pengine huteremka kaburini akakataa kutoka mpaka apewe chochote. Hapana amkemeaye. Wafiwa hutoa walicho nacho, na machozi yao huchanganyika na kicheko. Hata kama marehemu alikuwa mtu mkubwa, mtani hapunguzi neno, kwani kazi yake ni kutukumbusha kwamba ukubwa nao huzikwa.

Desturi hii yatufaa tunapojiuliza swali ambalo limewasumbua wengi: je, mchekeshaji anayo haki ya kumcheka kiongozi wa nchi? Na kiongozi anayechekwa yampasa afanye nini?

Swali hili si la kubuni. Tangu vituo vya televisheni vilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, kichekesho kilitoka jukwaani kikaingia sebuleni, na baadaye kikaingia katika simu ya mkononi. Mwezi Oktoba 2019 mchekeshaji Idris Sultan, ambaye Watanzania wengi walikuwa wamemjua kwa televisheni, alitakiwa kufika polisi kwa kubadilishana sura na Rais John Magufuli katika picha. Mwezi Mei 2020 alikamatwa, baada ya kuenea video iliyomwonyesha akiangua kicheko mbele ya picha ya zamani ya Rais huyo. Alikaa mahabusu siku kadhaa, na alipofikishwa mahakamani mashtaka yaliyosomwa hayakuhusu kicheko, bali laini ya simu isiyosajiliwa kwa jina lake.

Lakini tukumbuke pia jambo la Machi 2017. Mwimbaji Nay wa Mitego alikamatwa katika mkoa wetu huu wa Morogoro kwa sababu ya wimbo uliowasema wakubwa, na wimbo huo ukapigwa marufuku. Mara Waziri mwenye dhamana ya sanaa akatangaza kwamba Rais ameupenda. Mwimbaji akaachiwa, na wimbo ukaruhusiwa kupigwa.

Hatuandiki haya ili kumhukumu marehemu, ambaye alituacha mwezi Machi 2021. Twataka kupima jambo moja tu. Kiongozi ni yuleyule, nchi ni ileile. Mmoja alisamehewa, mwingine alilala mahabusu. Wengi tulifurahi mwimbaji alipoachiwa, na furaha ile haikuwa mbaya. Hata hivyo, haikutupasa kuridhika nayo. Ikiwa ulimi wa msanii hufunguliwa kwa sababu mkubwa amependezwa, basi siku mkubwa asipopendezwa utafungwa. Hiyo ni hisani, wala si haki.

Utani haukujengwa hivyo. Mtani hamwulizi mfiwa kama leo moyo wake ni mkunjufu. Desturi imekwisha kuamua zamani, nayo huwafunga wote wawili: mwenye kutania ana ruhusa, na mwenye kutaniwa ana wajibu wa kuvumilia. Akikasirika, aibu ni yake. Katiba yetu ya mwaka 1977 nayo, baada ya kuingiziwa haki za binadamu mwaka 1984, husema katika Ibara ya 18 kwamba kila mtu ana uhuru wa kutoa maoni. Haikusema kwamba uhuru huo huja kwa ridhaa ya mwenye kuambiwa.

Wako watakaotujibu kwamba kiongozi ni kama baba, na mtoto hamtanii baba yake. Hoja hii ina uzito, kwani ni kweli kwamba kwetu hapana utani kati ya mtoto na mzazi, wala kati ya mtu na mkwewe. Lakini baba hatukumchagua, wala haji kila baada ya miaka mitano kutuomba kura. Na kama ni lazima tumfananishe kiongozi na mzee wa nyumbani, kwa nini asiwe babu? Mjukuu humwambia babu yake kwamba amekwisha kuzeeka na bibi sasa ni mke wake. Babu hucheka, na heshima yake haipungui hata chembe.

Hata hivyo, tusimwelemee kiongozi peke yake. Mtani yule anayetukejeli ndiye achimbaye kaburi, ndiye achotaye maji na kukesha na wafiwa. Ruhusa yake imelipiwa kwa utumishi. Mchekeshaji naye hana budi kulipa: asizue uongo, asimcheke kilema kwa kilema chake, wala asichochee chuki ya kabila. Anayemcheka mnyonge ili kumfurahisha mwenye nguvu si mtani. Huyo ni mpambe.

Wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbua usaha. Msemo huu hutumiwa kuonya, nao huonya kwa haki. Lakini sisi ambao tangu mwaka 2015 tulizoea kusikia habari za kutumbua majipu twajua pia kwamba usaha usipotoka, mwili hauponi. Nchini Kenya, kundi la Redykyulass lilimwiga Rais Daniel arap Moi katika televisheni kabla hajaondoka madarakani mwaka 2002. Serikali haikuanguka kwa kicheko, na mmoja wa waigizaji wale, John Kiarie, alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 2017.

Ndugu mwalimu, jambo hili haliko Ikulu tu. Iko siku utafungua mlango wa darasa umkute mwanafunzi mbele ya wenzake, chaki mkononi, akiiga sauti yako na mwendo wako. Darasa zima litanyamaza. Ukiinua fimbo, watajifunza kucheka mlango ukiwa umefungwa, na kuanzia hapo hutajua tena wanakuonaje. Ukicheka nao kwanza, kisha ukaanza somo, utakuwa umekwisha kuwafundisha.