Haki ya Kucheka Safarini

Katika maneno ambayo lugha yetu imeyakopesha mataifa mengine, ni machache yaliyokwenda mbali kama neno safari. Asili yake ni Kiarabu, lakini lilipita kwanza vinywani mwetu ndipo likaingia katika Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na lugha nyingine nyingi. Hata hivyo, huko lilikofika lilibadilika tabia. Kwa wageni hao, safari ni matembezi ya starehe ya kwenda kutazama wanyama wa porini, mtu akiwa na kofia pana kichwani na kamera kifuani. Kwetu sisi, safari ni mwendo wowote wa haja: kwenda kuuguza, kuzika, kuposa, kutafuta kazi au kudai deni. Hata kufa kwenyewe twakuita safari ya mwisho.

Tofauti hiyo si ya msamiati tu. Yazaa swali la maadili. Ikiwa safari zetu nyingi ni za wajibu, na baadhi yake ni za huzuni, yatoka wapi mafuraha yote tunayoyakumbuka tuzungumzapo habari za safari? Na je, ni haki mtu kucheka akiwa njiani kwenda kutimiza jambo zito, au ni utovu wa adabu? Mimi ni mtu wa kupenda kusafiri tangu utotoni, na katika safari zangu nimecheka sana. Kwa hiyo swali hili lanihusu, na naamini lamhusu pia ndugu msomaji.

Mwaka 1983 nilisafiri na mama yangu kwa treni kutoka Tabora kwenda Kigoma, kwa reli ile iliyojengwa na Wajerumani na kufika ziwani mwaka 1914. Dada yangu alikuwa amejifungua huko Ujiji, na desturi haimruhusu mama kwenda kwa wakwe mikono mitupu. Miaka ile sukari ilikuwa adimu kama mvua ya Agosti. Mama alikuwa amedunduliza kilo mbili, na kwa kuogopa wezi na maswali, aliifunga katika kitenge akaibeba mgongoni mfano wa mtoto mchanga. Abiria wakaona huruma, wakampisha mahali pa kukaa. Tukaenda salama kwa saa nyingi, mama akiubembeleza mzigo wake kila treni ilipotikisika. Hatimaye bibi mmoja aliyekaa mkabala wetu akainama, akatazama kwa makini, akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, mtoto wako mzuri sana, hata kulia halii. Lakini mbona anapendwa hivi na sisimizi?"

Mama alitaka ardhi impasukie. Lakini bibi yule hakupaza sauti wala hakumwambia mtu wa pembeni. Alicheka taratibu, mama naye akashindwa kujizuia, wakacheka wote wawili mpaka machozi. Kisha bibi akanyosha mikono akasema: "Hebu nipe mjukuu wangu nimpakate, nawe ulale kidogo." Akaupakata mzigo ule usiku kucha, akiwapukuta sisimizi mmoja mmoja hadi kulipopambazuka.

Nimelisimulia tukio hili mara nyingi, na kila mara watu hucheka mahali pale pa sisimizi. Kwangu mimi, kiini cha habari ki katika mikono ya bibi. Aliiona siri ya mwenzake, akaifanyia mzaha, kisha akaipokea kama mzigo wake mwenyewe. Mzaha wake ungeweza kumwaibisha mama mbele ya behewa zima. Uligeuka udugu kwa sababu uliandamana na kubeba.

Hapo, nadhani, ndipo penye mzizi wa desturi yetu ya utani. Wachunguzi wa mila wameeleza kwamba utani baina ya makabila ulikua katika vita na katika misafara ya zamani. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, ambayo ni Tabora ya leo, na kuendelea hadi Ujiji. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na kila mmoja alijitwika ratili 60 au 70 za pembe, nguo au shanga. Watu waliopita nchi za wengine kwa miezi kadhaa hawakuweza kuishi kwa nguvu za mikono pekee. Walihitaji wenyeji wa kuwapa maji, wa kuwauguza, na wa kuwazika waliokufa njiani. Uhusiano ulioota hapo ulikuwa na pande mbili: mtani aliruhusiwa kumtukana mwenzake na kumnyang'anya kitu chake bila ugomvi, na mtani huyo huyo alilazimika kumsaidia wakati wa dhiki na kumzika akifa. Ndiyo sababu mpaka leo Mnyamwezi na Mzaramo hawawezi kukutana bila ya kurushiana maneno.

Wala tusizipambe njia zile kupita kiasi. Katika njia hizo hizo walipitishwa watu waliofungwa minyororo, wakipelekwa kuuzwa kama bidhaa. Kwao hapakuwa na utani, kwa maana utani ni maneno ya watu wawili, kila mmoja ana ulimi wake na uhuru wa kuutumia. Mwenye mnyororo akichekwa hawezi kumcheka aliyemfunga. Hili latupa kipimo cha kwanza: kicheko cha haki ni kile ambacho anayechekwa anaweza kukirudisha.

Kipimo cha pili nilikipata katika safari ya msiba. Mjomba wangu alifariki Dar es Salaam, nasi tukakodi basi kumpeleka kwao, kusini ya Tabora. Miongoni mwa waliotusindikiza walikuwamo majirani wa Kizaramo, na hodari wao alikuwa mama mmoja wa makamo. Tangu tulipoiacha Morogoro hakunyamaza. Usiku, tulipokuwa tumekwisha kuipita Dodoma, tairi lilipasuka, tukashuka sote katika baridi. Mama yule akaliendea basi, akaligonga ubavuni, akasema: "Wewe Mnyamwezi, ulipokuwa hai ukidaiwa ulikuwa hufiki kwa siku uliyoahidi. Leo unakwenda kwenu kwa gharama zetu, bado waleta visingizio vya tairi!"

Kijana mmoja wa ukoo wetu, msomi na mtu wa adabu, alikasirika. Alisema kwamba maiti anastahili heshima na wafiwa wanastahili utulivu, na kwamba mila isiyoheshimu machozi ya watu haifai kuhifadhiwa. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Si kila kitu tulichorithi ni chema kwa kuwa tu tumekirithi, na huzuni ya mtu si uwanja wa ngoma. Lakini aliyemjibu alikuwa mjane mwenyewe. Alisema: "Mwacheni aseme. Tangu juzi ninyi nyote mwanilia tu. Huyu peke yake ndiye anizungumziaye mume wangu kama alivyokuwa." Naye akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu siku ya msiba.

Tulipofika kijijini niliona jambo la pili. Mama yule wa Kizaramo, ambaye safari nzima alikuwa bingwa wa matusi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuteka maji na wa mwisho kuacha kuosha vyombo. Wenzake wanaume walishika majembe pamoja na wachimba kaburi. Nikaelewa kwamba mtani hatoi mzaha wake bure; aulipia kwa jasho. Kwa hiyo namjibu kijana wetu hivi: haki ya kucheka msibani ipo, lakini haigawiwi kwa kila mpita njia. Ni ya yule aliyeshika mzigo upande mmoja. Mtu aliyekuja kutazama tu, akila wali na kuchekesha watu, huyo hana utani bali ana upuuzi.

Yafaa kutaja pia kicheko kibaya, maana nacho husafiri. Katika safari moja na marafiki, basi letu lilisimama kituoni, na mtoto mwuza mayai akaja dirishani. Mwenzetu mmoja, mcheshi kweli kweli, akaanza kuiga matamshi ya yule mtoto na kumwuliza maswali ya kumchanganya, sisi tukisikiliza. Mtoto akatabasamu, kwa kuwa alitaka kuuza. Mzee mmoja aliyekaa nyuma yetu akamwambia mwenzetu: "Bwana, mtani wako yule? Akikujibu hivyo hivyo, utanunua?" Mcheshi akanyamaza, akanunua mayai kumi, nasi tukayala kimya kimya hadi mbele ya safari. Mzee yule aligusa penyewe. Mwenye njaa, mtoto, mtumishi na mgeni asiyejua lugha, wote hao huchekwa na hawawezi kujibu. Na tabasamu lao si ushahidi wa ridhaa yao.

Msafiri naye, kwa upande wake, hana budi kukubali kuchekwa. Wenyeji wetu wamemwekea sheria fupi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilikwenda Ukerewe na marafiki wanne, kwa chombo kutoka Mwanza, kumtembelea mzee wa mmoja wetu. Tulikaribishwa kwa samaki na ugali wa muhogo, na rafiki yetu mmoja, karani wa mjini, akawa kila jioni aisifu kazi ya kilimo kwa maneno mazuri, akisema kwamba laiti asingefungwa na ofisi angeishi kwa jembe. Alfajiri ya siku ya tatu mzee alibisha hodi mlangoni, akamwambia kwa heshima kubwa: "Baba, ofisi iko mbali, na jembe ni hili." Tukalima sote hadi jua lilipokuwa kali. Viganja vya karani vilitoa malengelenge, na watoto wa mji ule wakapata mchezo wa kumwigiza kwa siku zote zilizosalia. Lakini jioni ile ndiyo mzee alipoanza kutusimulia habari za ukoo wake. Siku mbili za kwanza alitulisha. Siku ya tatu alizungumza nasi. Jembe lilikuwa limetutoa katika ugeni.

Siku hizi safari zimekuwa nyepesi. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inawachukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa chache, na mtu aweza kwenda na kurudi bila kujua jina la aliyekaa naye. Silalamiki. Anayempeleka mgonjwa hospitali hahitaji usiku wa hadithi, ahitaji kufika. Na aliyewahi kusimama behewani saa 20 hawezi kuyatamani mateso yale kwa ajili ya mashairi. Lakini tusidhani kwamba udugu wa safarini uliletwa na taabu yenyewe, hata taabu ikiondoka udugu nao uage. Taabu iliwagombanisha wengi pia. Udugu uliletwa na watu walioamua kupokea mizigo isiyo yao, na uamuzi huo wawezekana hata katika kiti cha kuegemea, hata kwa saa tatu. Mtoto wa jirani hulia katika treni ya umeme kama alivyolia katika ile ya zamani.

Wahenga wamesema tembea uone. Nathubutu kuongeza kwamba kuona hakutoshi, na kucheka hakutoshi. Msafiri apimwe kwa mambo mawili: alimpokea nani mzigo, na alimwachia nani nafasi ya kumcheka yeye. Akiwa na majibu ya maswali hayo, basi na acheke apendavyo, awe aenda harusini au aenda makaburini. Na kwa kuwa ushairi ni ugonjwa wangu wa siku nyingi, nauweka wosia huu katika ubeti mmoja, kwa matumizi ya wanangu na wa wenzangu:

Safari ni mashauri, mwenzio umsikize,
Uwe daima tayari, mzigo umpunguze,
Utani uwe mzuri, mtu usimuumize,
Kicheko bila kiburi, safari kiipendeze.