Kosa ni la Nani?

Mama yangu aliniuliza swali moja jikoni, huku akichambua mchele, na mpaka leo sijamjibu. "Hivi mwanangu, mimi nilikosa wapi?" Kaka yangu mkubwa alikuwa amelazwa, wiki ya pili hiyo. Ana miaka 27, na ugonjwa wenyewe ni saratani ya korodani.

Nilitaka kumwambia hakukosa kitu. Lakini nilinyamaza, maana mwenye la kukiri nilikuwa mimi.

Mtaani majibu hayakukosekana. Wako waliosema karogwa. Wengine, eti hayo ni malipo ya wanawake aliotembea nao. Wengine wakaisingizia baiskeli yake. Jamani, sisi binadamu tunapenda kila maradhi yawe na mkosaji! Ugonjwa usio na mkosaji unatutisha zaidi, kwa kuwa huo unaweza kumpata hata mtu mwema. Unaweza kutupata sisi.

Basi nikaenda kusoma. Mwaka 1972 daktari mmoja wa Denmark, Niels Skakkebæk, alieleza habari za seli za ajabu alizozikuta katika korodani za wanaume wawili waliokuwa hawapati watoto, na ambao baadaye walishikwa na saratani. Utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba seli za namna hiyo hazifanani na za mtu mzima. Zinafanana na za mtoto aliye bado tumboni.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Katika wiki za mwanzo za mimba, seli zitakazokuja kuwa mbegu za uzazi husafiri ndani ya kiinitete mpaka mahali korodani inapojengwa. Katika safari hiyo zinasimamiwa na jeni. Jeni iitwayo KIT huzipa mlango wa kupokelea ishara ya kusonga na kuendelea kuishi. Nyingine, kama OCT4 na NANOG, huzifanya zibaki changa, zisiamue mapema kuwa kitu gani. Zikishafika na kukomaa, jeni hizo za utotoni zinapaswa kuzimwa, kama mtu azimavyo taa ya barazani wageni wakishaingia ndani.

Kwa watu wachache, kuna seli ambazo taa yao haikuzimwa. Zinakaa kimya miaka yote ya utoto, kisha baada ya balehe zinaanza kuongezeka, na mara nyingi vipande vya kromosomu ya 12 navyo vinazidi idadi yake. Ndiyo maana saratani hii huwaandama zaidi vijana, wa kati ya miaka 15 na 40 hivi. Mwaka 2009 watafiti walitangaza kuwa tofauti ndogo za kurithi kwenye KITLG, jeni inayotengeneza ile ishara ya KIT, huongeza uwezekano wa kuugua. Korodani iliyochelewa kushuka utotoni nayo huongeza.

Sasa mtu atasema: kama ilianzia tumboni, si mama huyo? La hasha! Chanzo ni kitu kimoja na kosa ni kitu kingine. Mvua ni chanzo cha mafuriko, lakini hakuna aliyewahi kuishtaki mvua. Kosa linahitaji mtu aliyejua, aliyeweza kutenda vingine, na hakutenda. Mama hakuwasha taa ile wala hakuwa na mkono wa kuizima.

Kuna jambo lililonikosesha usingizi kuliko hilo. Katika habari hii yote hakuna jeni mbaya. Bila OCT4 mimi nisingekuwepo kuandika, wala wewe kusoma. Jeni ile ile iliyomjenga mtu ndiyo anayoitafuta daktari leo akitaka kuutambua uvimbe huu. Ni jambo jema lililodumu kupita wakati wake.

Hapo ndipo nilipojiona mwenyewe. Miezi saba kabla ya kulazwa, usiku, katika chumba tulicholala wote wawili, kaka alinambia: "Dogo, kende moja imekuwa ngumu kama jiwe. Wala haiumi. Lakini usimwambie mtu." Nikamjibu, "Poa kaka, siri yako." Na kweli niliitunza. Kwetu tumefundishwa sitara: aibu ya ndugu yako ifunike. Ni mafunzo mema. Usiku ule wa kwanza sitara yangu ilikuwa wema. Mwezi wa pili bado naificha. Mwezi wa saba, alipoanza kukohoa, saratani ilikuwa imefika mapafuni, na mimi bado naficha.

Kaka alikatwa korodani moja, kisha akatundikiwa dripu za sisplatini, dawa ambayo Lawrence Einhorn na wenzake wa Indiana, Marekani, walianza kuijaribu kwa ugonjwa huu mwaka 1974. Seli hizi zenye tabia za utotoni hufa kwa urahisi zikipigwa na dawa hiyo. Panapopatikana matibabu, zaidi ya wagonjwa 9 katika 10 hupona. Kaka naye kapona, lakini kwa dawa nyingi na maumivu mengi ambayo miezi saba ingemwepusha nayo.

Juzi aliniuliza, "Na wewe je, umejipapasa?" Maana ndugu wa mgonjwa hatari yake huzidi mara kadhaa, ingawa bado ni ndogo. Nimejipapasa, sikuona kitu. Nawe kijana mwenzangu, ukikuta uvimbe, hata usiouma, nenda hospitali wiki hiyo hiyo.

Makala haya nitamsomea mama kabla sijayapeleka kwa mhariri. Jibu la swali lake limo humu. Kuugua kwa kaka hakukuwa na mkosaji. Kuchelewa kwake kulikuwa naye, na wakati mama akiuliza, alikuwa amekaa mbele yake, anautazama mchele.