NANI ATAIONDOA DAMU HII?

Kijana mwenzangu, umewahi kufika mahali pa ajali ya gari? Majeruhi wakishachukuliwa, watu hufanya nini? Wanachota mchanga, wanamwaga juu ya damu, basi. Magari yanapita. Baada ya saa moja hakuna anayejua kwamba pale mtu amekata roho.

Kabla sijaokoka nilikuwa konda wa basi dogo. Siku moja basi jingine lilitupita. Nikagonga bodi, nikapiga kelele, "Suka, kanyaga! Wanatumalizia abiria!" Akakanyaga. Tukapinduka. Mama mmoja akafia kwenye kiti cha nyuma.

Polisi walipoliachia gari, tajiri akaniambia, "Osha, kesho liingie barabarani." Nikaosha kwa mikono mitupu, sabuni na maji ya ndoo. Nikatandika kitambaa kipya juu ya kile kiti. Kwa macho kilikuwa safi kabisa. Siku ya tatu jua likawaka, abiria wakaziba pua. "Konda, nini kinanuka humu?" Nikanyamaza. Nilijua. Damu ilikuwa imezama ndani ya sponji.

Baadaye nilikuja kujua kwamba kule Marekani wapo watu ambao hiyo ndiyo kazi yao. Mtu akiuawa au akijiua nyumbani, polisi humaliza uchunguzi, maiti huchukuliwa, na usafi huachiwa wenye nyumba. Mama atafutaje damu ya mwanawe mwenyewe? Ndipo huwaita watu hawa.

Hawaji na ndoo tu. Huvaa nguo za kufunika mwili mzima, barakoa na glovu. Wanajua kwamba kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kuishi kwenye damu iliyokauka siku 7 au zaidi. Sheria ya nchi ile ya 1991 inamtaka mwajiri awape chanjo yake bure. (Nawe ukikuta ajali, usiguse damu kwa mikono mitupu!) Hulainisha damu iliyoganda, huikwangua, kisha hupaka dawa ya kuua vijidudu na kuiacha ifanye kazi. Na kama damu imepita zulia ikaingia kwenye mbao za sakafu, hawatandiki zulia jipya juu yake. Hapana! Hukata zulia, hung'oa na mbao.

Sasa sikiliza, kijana. Wewe umefunika nini? Labda uliiba pesa ya mama, akafukuzwa msichana wa kazi asiye na kosa. Labda kuna binti uliyempa mimba ukahama mtaa. Umetandika kitambaa juu: bia, muziki, kucheka sana na wenzako. Mchana unapendeza. Lakini usiku, ukiwa peke yako kitandani, si unaisikia ile harufu?

Hata Mfalme Daudi alifunika. Alimchukua mke wa Uria, akapanga Uria afe vitani, akamwoa mjane. Watu hawakuona kitu. Mungu aliona, akamtuma nabii Nathani kulifunua zulia lile. Daudi hakubisha, akakiri. Akasamehewa.

Mimi nilikunywa pombe miaka miwili nisiisikie sauti yangu mwenyewe ikisema "Kanyaga!" Jioni moja nilisimama nyuma kabisa ya mkutano wa Injili, nikalia kama mtoto. Baada ya wiki nikaenda kwa mume wa yule mama, nikamwambia ukweli wote. Alinyamaza muda mrefu. Mwisho akasema, "Kaa, kijana." Siku ile mbao iling'olewa.

Rafiki, wale wasafishaji huvaa glovu ili uchafu usiwapate. Yesu aliingia katika chumba chetu mikono mitupu. Uchafu wetu ulimpata, akafa nao msalabani. Siku ya tatu akafufuka! Damu yetu huacha doa, damu yake huondoa doa. Wala hadai malipo.

Usikawie. Mfungulie mlango sasa hivi, hapo ulipo. Sema naye hivi:

"Bwana Yesu, nimechoka kufunika. Unakijua nilichofanya. Nakionyesha mbele zako leo. Ingia, ng'oa, unisafishe. Nipe nguvu ya kwenda kwa yule niliyemkosea. Amina."

Kama umeomba kwa moyo, njoo mbele uonane na watumishi. Na kesho, nenda kwa yule uliyemkosea.