Mvua Inayolowesha Nguo

Katika fiqhi ya Kishafii, tuliyolelewa nayo sisi watu wa pwani, mvua hupimwa kwa nguo. Si msafiri peke yake anayeruhusiwa kukusanya sala. Hata mkazi wa mji, ikinyesha mvua ya kulowesha nguo, anaweza kuitanguliza alasiri akaisali pamoja na adhuhuri, au isha pamoja na magharibi. Imamu Nawawi, katika Minhaj, anaihusisha ruhusa hiyo na mtu anayesali jamaa katika msikiti ulio mbali, ambaye mvua inamtaabisha njiani. Anayeishi ubavuni mwa msikiti hana udhuru huo. Kwa hiyo sheria, kabla haijamdai mtu, inamuuliza: umetoka wapi, na umelowa kiasi gani?

Nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu katika sekondari moja ya Tanga, na kila masika, Machi hadi Mei, naona maswali hayo mawili yakirukwa getini. Wanafunzi wanaingia wametota, kurasa za daftari zimegandana, soksi zinachuruzika maji. Mwalimu wa zamu anawapanga pembeni pamoja na wachelewaji wa kila siku. Dalili ya mvua ni mawingu, anawaambia, mbona hamkujiandaa?

Methali ni ya kweli. Lakini msichana anayetoka Pongwe kabla ya alfajiri hayaoni mawingu, kungali giza. Anasimama kituoni, makonda wanampita wakitafuta abiria wa nauli kamili, na mvua inamkuta palepale. Zamani daftari zilifungwa ndani ya mfuko wa rambo. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na kwa sababu njema, maana ilikuwa ikiziba mitaro yetu. Ila kwa mtoto wa muuza vitumbua hakijapatikana kitu cha bure cha kushika nafasi yake. Mwavuli nyumbani kwao, kama upo, ni mmoja, na alfajiri hiyo mama anauhitaji kwenye biashara.

Mwenzangu mmoja, mcha Mungu kweli, hunikumbusha hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ya mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake ndipo amtegemee Mungu, au amwache tu na kutegemea. Akaambiwa amfunge kisha ategemee. "Madam," huniambia, "tawakkuli bila kamba ni uzembe." Naikubali hadithi hiyo na kuifundisha. Lakini amri ile alipewa mwenye ngamia, na kumfunga kulikuwa ndani ya uwezo wake. Wajibu wa kujiandaa unamwangukia mwenye cha kujiandalia, na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi zaidi ya iwezavyo. Sisi ni nani hata tuikalifishe?

Linaloniumiza zaidi ni shati jeupe. Likilowa halisitiri tena. Msichana wa miaka 15 anasimamishwa mstarini mbele ya wavulana, amekumbatia begi kifuani, na sisi tunaomfundisha sitara darasani ndio tuliomsimamisha. Kosa lake la kulowa ni dogo sana mbele ya hili tunalomtendea. Ndiyo maana msimu huo droo yangu ofisini huwa na kanga.

Bukhari amepokea kwamba Ibn Abbas, Ijumaa moja ya mvua, alimwagiza muadhini wake asiwaite watu waje kwenye sala, bali awaambie wasali majumbani. Watu wakastaajabu. Akawajibu kwamba aliye bora kuliko yeye alikwisha kufanya hivyo, na kwamba Ijumaa ni faradhi, ila alichukia kuwatembeza kwenye matope na utelezi. Watu wazima walionewa huruma kwa ajili ya utelezi, katika jambo la faradhi! Kipindi cha kwanza cha hesabu hakina haki kubwa kuliko Ijumaa.

Wako pia wanaolowa kwa kupenda, wavulana wanaotoka mbio uwanjani matone yakianza tu. Nao nawaambia wajikaushe, lakini sithubutu kuwafanya waione mvua kuwa adui. Muslim amepokea kutoka kwa Anas kwamba Mtume aliiondoa sehemu ya nguo yake ili mvua imguse mwilini, kwa kuwa imetoka karibuni kwa Mola wake.

Nimekiomba kikao cha walimu kikubali jambo moja kwa miezi ya masika: aliyelowa apite, ajikaushe, aingie darasani, na habari ya kuchelewa aulizwe akiwa amekaa. Wapo wanaohofia kwamba watoto watadeka. Hofu hiyo inaisahau namna ruhusa ya mvua ilivyo. Aliyekusanya adhuhuri na alasiri amesali zote mbili, rakaa nane kamili, hakusamehewa hata moja. Nami kipindi kilichoharibika asubuhi nakirudia saa nane mchana, na ninataka darasa zima liwepo.