Balozi Amekaa Mbele

Wajukuu zangu, mnaniambia siasa mnaijua kwa sababu simu zenu hazilali. Sawa. Kaeni kwanza.

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, izunguke nchi kuuliza watu: tubaki na chama kimoja au tuwe na vingi? Nami nilikwenda kutoa maoni. Tulikaa chini ya mwembe, na benchi la mbele alikaa balozi wetu wa nyumba kumi, mtu wa chama, yule yule aliyeniandikia barua kila nilipopata shida. Moyoni nilitaka vyama vingi. Niliposimama nikasema kimoja kinatosha. Nikapigiwa makofi. Njiani jirani yangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na moyoni je?" Nikajifanya sikusikia.

Katika kila watu kumi waliosikilizwa na tume, karibu wanane walitaka chama kimoja, ingawa wengi wao walitaka kifanyiwe mabadiliko. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wapo wanaolalamika hadi leo kwamba wananchi walipuuzwa. Mimi ni mmoja wa wale wanane. Kinywa cha kulalamika sina. Wala siwezi kuapa kwamba wenzangu nao walisema wasichokitaka.

Ikaja 1995. Augustino Mrema, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alihama chama tawala, CCM, akagombea urais kupitia NCCR-Mageuzi. Vijana walilisukuma gari lake kwa mikono. Nilisukuma nami, kandambili ikakatika, nikaenda pekupeku hadi uwanjani. Asubuhi tulikuwa tukijazana kwenye kibanda cha magazeti, tunasoma vichwa vya habari kwa kusimama bila kununua. Picha ya umati ilinitosha. Gazeti la Uhuru, la chama tawala, sikuligusa kabisa. Matokeo yalipotangazwa, Benjamin Mkapa alipata karibu asilimia 62, Mrema karibu 28. Uchaguzi ule ulikuwa na kasoro zake, Dar es Salaam kura zilirudiwa. Lakini kosa langu mimi lilikuwa jingine: nilidhani barabara niliyosimama ndiyo Tanzania.

Makundi yenu ya WhatsApp ndiyo barabara ile. Tena ndiyo mwembe ule, balozi ni yule admini. Mkiona watu 200 wote wanakubaliana, ulizaneni nani amenyamaza na anamwogopa nani. Someni pia gazeti linalowakera. Na mwandishi akipewa bahasha ya nauli na aliyemwalika, habari yake isomwe kwa kujua nani kalipa nauli.

Kwenye vyama ndipo mnaponisikitisha zaidi. Kwetu mgombea binafsi hakuna. Ubunge au urais huwanii bila chama kukusimamisha. Kwa hiyo mapema, kwenye kura za maoni ndani ya chama, zinazopigwa na wajumbe, wakati hakuna kampeni wala muziki wa jukwaani, majina yanapukutika. Nyinyi mnakuja Oktoba na kulalamika kwamba wagombea wote hawafai. Chungu kimeshapakuliwa, baba! Halafu mnacheka kwamba wajumbe si watu. Wajumbe ni watu sana. Ni mama muuza vitumbua wa hapo kona na fundi baiskeli, waliokwenda kwenye mkutano wa tawi nyinyi mkiwa mmelala. Ndiyo maana mwenye fedha huwajua wao kwa majina, na nyinyi hana habari nanyi.

Kwa hiyo sitawaambia mchague nani. Nendeni kwenye mkutano wa tawi, la chama chochote mkipendacho, hata kama viti ni vya kuazima na ajenda ni ya kuchosha. Na mkipewa nafasi ya kusema, semeni kilicho moyoni, balozi akiwa amekaa mbele.