Amali Ndogo Idumuyo

 

Kila uingiapo Mfunguo Mosi twaliona jambo ambalo hakuna asiyelijua katika miji yetu ya pwani. Misikiti iliyokuwa haina nafasi ya kuweka mguu usiku wa ishirini na saba hurudi kuwa na safu moja na nusu katika sala ya Isha. Misahafu iliyokuwa ikigombewa hurudi rafuni ikashika vumbi. Mtu aliyekuwa akisoma juzuu nzima kila siku, na huku anafanya kazi yake ile ile ya dukani au ya bandarini, hafungui hata sura ya Yasini mpaka Ramadhani nyingine. Ukimuuliza, husema ameshughulika. Wala hasemi uwongo, kweli ameshughulika. Lakini katika Ramadhani pia alikuwa ameshughulika, tena ana njaa na kiu.

Aghalabu wenye kuwaidhi hulishika jambo hili kwa ukali, na mtu huyo akatoka msikitini amejiona mnafiki, asirudi tena kwa haya. Sisi hatukusudii kuongeza sauti yetu juu ya sauti hizo. Twataka kulitazama swali lililo chini yake, swali ambalo katika darasa letu limezungumzwa mara nyingi bila ya kwisha: je, yafaa Muislamu kujipangia jambo dogo, kama ukurasa mmoja wa Qur'ani au rakaa mbili za usiku, akatosheka nalo, hali ajua kuwa Mola wake anastahiki umri wake wote? Huko si kumpunja Mwenyezi Mungu? Si uvivu uliovikwa kilemba?

Wenye kuuliza hivi si watu wa kudharauliwa. Neno lao latoka katika kumtukuza Mwenyezi Mungu, na mwenye kumtukuza Mola wake huona haya kumpelekea kidogo. Na tuseme mapema, ili mtu asitufahamu vibaya, kwamba maneno yetu hapa ni juu ya suna na nyiradi na mambo ya kheri ambayo mtu hujichagulia mwenyewe. Faradhi ina kiasi chake kilichokwisha kukatwa, na hakuna aliyepewa ruhusa ya kuipunguza kwa sababu ya duka wala zamu.

Ama katika suna, swali hili lilikwisha kujibiwa na Mtume (S.A.W.) mwenyewe, na aliyejibiwa alikuwa na hamu ya ibada kushinda sisi sote. Naye ni Abdalla bin Amri bin Al-As (R.A.). Alikuwa kijana, akaazimia kufunga kila siku na kusimama usiku kucha muda wote aishio. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) hakumsifu kwa wingi wa amali yake. Alimjulisha kuwa mwili wake una haki juu yake, na macho yake yana haki, na mkewe ana haki. Akamwelekeza afunge siku tatu katika kila mwezi. Kijana akasema kuwa aweza zaidi. Akaongezewa, naye akataka tena, mpaka akafikishwa kwenye saumu ya Nabii Daudi, ya kufunga siku moja na kula siku moja, na hapo akazuiwa kupita. Na katika kuhitimu Qur'ani pia alianzishiwa khitima moja kwa mwezi, akawa anataka zaidi na zaidi, mpaka akafika kwenye siku saba.

Habari hii yote iko katika vitabu sahihi vya Hadithi, na aghalabu husomwa mpaka hapo tu. Lakini ina mwisho wake. Abdalla aliishi akazeeka, nguvu zikampungukia, na katika uzee wake alikuwa akisema laiti angeikubali ile rukhusa aliyopewa na Mtume (S.A.W.). Wala hakuacha. Ilipomwelemea alikuwa akila siku kadhaa mfululizo kisha akazilipa kwa hesabu yake, kwani alichukia kuliacha jambo ambalo Mtume alifariki dunia hali yeye yuko juu yake. Tazameni basi: hakuna aliyekuwa mvivu katika kisa hiki. Mtume (S.A.W.) alimwonea kijana yule uzee ambao yeye mwenyewe alikuwa hajauona. Yeye alijipima kwa nguvu za ujana, na Mtume akampimia kwa siku ile atakapokuwa dhaifu.

Hili kwa maoni yetu ndilo jibu. Makosa yetu hayako katika kutaka mengi, yako katika siku tunayochagua ya kujipimia. Sisi hujipima katika usiku wa ishirini na saba, au tumetoka kusikiliza mawaidha yaliyotutoa machozi, au tumetoka kuzika. Wakati huo moyo umewaka kama kuti kavu, na kila mtu ajua moto wa makuti hupanda juu ukatisha, kisha mara huwa jivu. Mwenye kutaka kuukuta moto asubuhi hafukii makuti. Hufukia kumbi la nazi, ambalo halina ndimi wala mwanga, na alfajiri bado lina kaa. Apendaye kujua kiasi chake na ajipime siku ya Jumatatu, mwisho wa mwezi, mfuko mtupu, mtoto ana homa, naye ametoka zamu ya usiku Kilindini na foleni ya feri ya Likoni imemweka saa nzima juani. Siku hiyo aweza nini? Akiona aweza aya tano, basi aya tano ndizo zake. Siku za nafasi ataongeza apendavyo, wala hakuna atakayemzuia.

Bibi Aisha (R.A.) amepokea kwa Mtume (S.A.W.) kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa kidogo. Na Anas (R.A.) amepokea kuwa Mtume aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili, akaambiwa ni ya Bibi Zainabu, akichoka kusali huishika ili asianguke. Akaamrisha ifunguliwe, na mtu asali akiwa na uchangamfu, akichoka akae.

Na mwenye kudhani kuwa kidogo hakifiki popote na afanye hesabu. Msahafu uliochapwa Madina, ambao leo umejaa misikitini mwetu, una kurasa 604. Asomaye kurasa mbili kila siku ataumaliza kwa siku 302, na mwaka wetu wa mwezi una siku kama 354. Amehitimu, na zimembakia siku hamsini na zaidi za homa na safari na arusi. Jirani yake aliyehitimu mara moja katika Ramadhani amesoma kiasi kile kile, kurasa 604. Khitima zao zalingana. Lakini mmoja wao amekaa miezi kumi na moja hajasikia neno la Mola wake ila katika sala, na wa pili halikumpita siku nyingi bila ya kulisikia. Hata kazi kubwa za wanachuoni wetu aghalabu zimekwenda kwa mwendo huu. Tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, Qurani Takatifu, iliyotoka kamili katika mwaka 1969, ilianza kutoka kwa sehemu sehemu miaka mingi kabla yake, na mwenyewe alikuwa mwalimu wa skuli mwenye wanafunzi wa kusomesha, si mtu aliyekaa faraghani.

Tena amali ndogo yahitaji mahali pa kufungwa, kama mashua. Mtu asemaye kuwa atasoma apatapo nafasi hatasoma, kwani nafasi haipatikani, na siku hizi hata ile dakika iliyokuwa ikibaki simu ya mkononi imekwisha kuila. Sisi Waislamu tumekwisha kutengenezewa vigingi vitano katika kila siku, wala hatuna haja ya kubuni vingine. Ukurasa baada ya Alfajiri kabla mtu hajainuka juu ya mswala. Witri papo hapo baada ya Isha kwa yule asiyejiamini kuamka. Kisichofungwa kwenye kigingi huchukuliwa na maji.

Na ikipita siku bila ya kufanya? Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Mtu amesoma siku arubaini, ya arubaini na moja akalala, naye akaona kwamba yote yameharibika, basi akaacha kabisa. Hii si taqwa, hata ikiwa sura yake ni sura ya majuto. Sayyidna Umar (R.A.) amepokea kwamba aliyelala akapitwa na uradi wake wa usiku, kisha akausoma baina ya Alfajiri na Adhuhuri, huandikiwa kama aliyeusoma usiku. Na Bibi Aisha ameeleza kuwa Mtume (S.A.W.) akipitwa na sala ya usiku kwa usingizi au maradhi alikuwa akisali mchana rakaa kumi na mbili. Ikiwa Mtume mwenyewe alilipa, nani sisi tuone aibu kulipa? Na kwa aliyesafiri au aliyeugua imepokewa kuwa huandikiwa yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mjini mwake na mzima wa afya. Lakini fahamuni maana ya neno hili: aandikiwa aliyokuwa akiyatenda. Asiyekuwa na alilokuwa akilitenda ataandikiwa nini?

Kuna wanaojaribu kujifunga kwa nadhiri. Husema: nikipata kazi hii, nitafunga kila Jumatatu na Alhamisi maisha yangu. Twawanasihi waache. Mtume (S.A.W.) aliikataza nadhiri, akaeleza kuwa haigeuzi lililokadiriwa, ila hutoa kitu katika mkono wa bakhili. Na mwenye kuiweka hujiwajibishia jambo ambalo Mwenyezi Mungu hakumwajibishia, kisha kazi akaipata, na baada ya miezi mitatu huja kwa masheikh kuuliza habari ya kafara.

Yabaki shaka moja, nayo ni nzito kuliko zote. Mwenzetu mmoja wa darasa ameuliza: jambo likidumu huwa ada, na ada hutendwa na mwili bila ya moyo, basi tukiijenga ada hatuivunji ibada? Mafakihi wamesema kuwa kitenganishacho ada na ibada ni nia, kwani mwenye kuoga kwa joto na mwenye kuoga janaba wote wameroweshwa na maji yale yale. Hilo ni kweli. Lakini Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameonyesha upande wa pili: mwenye kutaka kuwa mwandishi wa hati nzuri huanza kwa kuuigiza mkono wa mwandishi, kwa taabu na kwa kujilazimisha, mpaka hati ile ikawa tabia yake, na tabia njema za moyo hupatikana kwa njia hiyo hiyo. Kwa hivyo ada haiwi badala ya nia. Kazi yake ni kumfikisha mtu juu ya mswala katika siku ambayo moyo wake haukutaka kwenda. Akisha kufika, kuuita moyo ni juu yake kila siku upya, wala hakuna ada itakayomfanyia hilo. Asiyefika kabisa, huo moyo atauitia wapi?

La mwisho ni la majumbani. Salman (R.A.) alimzuru ndugu yake Abu Dardai, akamkuta mkewe amejiacha hajipambi, kwa kuwa mumewe mchana amefunga na usiku amesimama, hana haja na dunia. Salman akamlazimisha ale pamoja naye, na usiku akamlaza mpaka ulipofika mwisho wake, ndipo wakainuka wakasali wote wawili. Kisha akamwambia kuwa Mola ana haki yake, na nafsi ina haki yake, na ahali wana haki yao, ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (S.A.W.) alipopata habari alisema kuwa Salman amesema kweli. Na sisi twawajua waume ambao wamedumu vizuri na nyiradi zao kwa sababu kuna mtu jikoni anayewabebea siku nzima. Mama anayeamka saa kumi za usiku kukanda mahamri ya kuuza, kisha akaandaa watoto wa skuli na wa madarasa, huambiwa kuwa khidima yake ni ibada. Ni kweli kuwa ni ibada akiinuia. Lakini yeye naye ana ukurasa wake, na hana kigingi ambacho mtoto hajakining'inia. Mume anayetaka kujua kama amali yake imeingia moyoni na ampokee mtoto yule robo saa baada ya Alasiri, kila siku, amtoe nje barazani, mpaka mwenzake afunge msahafu.